Tanaka Shozo: Mbunge Aliyekwenda Kuishi na Wakulima wa Mto Watarase

Ndani ya Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, ambacho Mama Kanisa hukiadhimisha kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 4 Oktoba, imo siku moja ambayo wakulima wa bonde la Mto Watarase nchini Japani wanaikumbuka kwa namna ya pekee. Tarehe 4 Septemba 1913 alifariki dunia Tanaka Shozo, mbunge wa zamani, akiwa na umri wa miaka 71, katika nyumba ya mkulima aliyempa hifadhi. Hakuwa Mkatoliki, wala hakubatizwa. Hata hivyo, karne nzima kabla ya Hayati Baba Mtakatifu Fransisko kuwaandikia waamini na watu wote wenye mapenzi mema Waraka wa Laudato si' mwaka 2015, mtu huyu alikuwa ameshatumia nguvu zake zote kusikiliza kwa pamoja kilio cha Dunia na kilio cha maskini. Wengi wamemsifu kwa ujasiri wake mbele ya wakubwa. Lakini jambo linalostahili kutafakariwa zaidi ni safari yake ya kushuka: kutoka kiti cha Bunge hadi kibanda cha mkulima, na kutoka kusema kwa niaba ya maskini hadi kujifunza kutoka kwao.

Tanaka alizaliwa mwaka 1841 katika kijiji cha Konaka, katika mji wa Sano wa leo, mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji, naye akarithi kazi hiyo akiwa bado kijana. Mkuu wa kijiji katika Japani ya zamani alisimama katikati ya wakulima na ukoo wa bwana wa nchi, na Tanaka mapema kabisa alichagua upande. Aliupinga ukoo wa Rokkaku kwa sababu ya ufisadi na mizigo waliyotwishwa wanakijiji, na mwaka 1868 akafungwa kwa zaidi ya miezi kumi ndani ya chumba kidogo mno. Baada ya hapo alifanya kazi serikalini kaskazini mwa nchi, akasingiziwa kumuua mkubwa wake wa kazi, akakaa kifungoni hadi mwaka 1874 alipoachiliwa bila hatia. Mtu aliyepitia hayo kabla ya kufikisha miaka 35 angeweza kusamehewa kama angejitafutia maisha ya utulivu. Yeye alirudi nyumbani, akashiriki kuendesha gazeti, akaingia katika baraza la mkoa wa Tochigi na hatimaye kuwa spika wake. Mwaka 1890, Japani ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa Bunge, wananchi wa eneo lake walimtuma Tokyo. Walimchagua mara sita.

Ili kuelewa kilichomkuta huko, inatupasa kupanda hadi chanzo cha mto. Juu milimani, mahali paitwapo Ashio, palikuwa na machimbo ya kale ya shaba yaliyokuwa yamechoka, hadi mfanyabiashara Furukawa Ichibei alipoyanunua mwaka 1877. Miaka michache baadaye ilipatikana miamba mipya yenye shaba nyingi, zikaletwa mashine za kisasa, na kufikia katikati ya miaka ya 1880 machimbo hayo peke yake yalitoa zaidi ya theluthi moja ya shaba yote ya Japani. Shaba hiyo iliuzwa ng'ambo, na fedha zake zilisaidia kununua mitambo na silaha kwa ajili ya taifa lililokuwa na haraka ya kulingana na mataifa ya Magharibi. Serikali iliyapenda machimbo ya Ashio, na si vigumu kuona sababu.

Mawe yenye shaba huwa pia na salfa. Yakichomwa katika tanuru hutoa moshi mkali unaounguza majani, na moshi huo ukikutana na mvua hugeuka asidi. Misitu ya Ashio ilikatwa ili kupata magogo ya kuzuia mashimo yasiporomoke na mkaa wa matanuru, na miti iliyosalia ikaangamizwa na moshi. Kijiji cha Matsuki, kilichokuwa jirani na matanuru, kilibaki bila watu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa maana hapakuwa tena na kitu kilichoota. Milima iliyobaki uchi haikuweza kuyashika maji ya mvua. Wakati huohuo mabaki ya mawe yaliyosagwa, yenye shaba na sumu nyingine, yalirundikwa kwenye mabonde na kando ya mto. Kwa hiyo kila mvua kubwa iliponyesha, vitu viwili vilishuka pamoja: mafuriko na sumu.

Jambo hili liliwauma wakulima zaidi kwa sababu zamani mafuriko ya Watarase yalikuwa na heri ndani yake. Mto ulipofurika uliacha juu ya mashamba tope jeusi kutoka msituni, na mahali palipofunikwa na tope hilo palistawi bila mbolea nyingi. Watu walijenga nyumba zao juu ya vichuguu vya udongo, wakaweka mitumbwi tayari, wakangojea maji kama mgeni msumbufu anayeleta zawadi. Mwaka 1885 samaki walianza kufa mtoni. Mwaka 1890 yakaja mafuriko makubwa yaliyotandaza sumu ya Ashio katika mashamba ya mikoa ya Tochigi na Gunma. Mpunga ulinyauka, majani ya miforosadi yaliyolisha viwavi vya hariri yakawa hatari, na watu waliokaa muda mrefu ndani ya maji ya matope walipata vidonda miguuni.

Mwezi Desemba 1891 Tanaka alisimama Bungeni akauliza kwa nini Serikali haitumii sheria yake yenyewe ya madini, iliyoruhusu kusimamisha kazi zinazodhuru mafao ya wengi. Waziri wa Kilimo na Biashara alikuwa Mutsu Munemitsu, ambaye mwanawe wa pili alikuwa amelelewa na Furukawa kama mtoto wake na mrithi wa mali yake. Jibu lilikuwa kwamba chanzo cha madhara hakijathibitika, na kwamba hata hivyo mwenye machimbo anaagiza vifaa kutoka nchi za nje vya kukusanya vumbi la madini. Msomaji aliyewahi kukaa jirani na machimbo atalitambua jibu la namna hiyo. Wakati huo Profesa Kozai Yoshinao wa chuo cha kilimo mjini Tokyo alikuwa anaupima udongo wa mashamba hayo, naye alikuta shaba ndani yake.

Yaliyofuata ni ya hila zaidi. Wajumbe walipita vijijini wakiwashawishi wakulima kupokea fidia ndogo na kutia sahihi mkataba wa kutolalamika mpaka mwaka 1896, ili vifaa vipya vipate muda wa kufanya kazi. Baadaye wengine walishawishiwa kutia sahihi ya kutodai chochote milele. Ilikuwa miaka ya vita kati ya Japani na China, ambapo kulalamika kulionekana kama kukosa uzalendo, na Tanaka mwenyewe alipunguza sauti yake katika kipindi hicho. Mwaka 1896, mwaka uleule uliotajwa katika mikataba, mto ulifurika kuliko wakati mwingine wowote uliokumbukwa. Sumu ilisambaa hadi mahali ambapo haikuwa imefika kabla, na vifaa vya kukusanya vumbi vikaonekana thamani yake.

Ndipo wakulima wakaanza kujipanga wenyewe. Walifungua ofisi ya pamoja katika hekalu la Kibuddha la Unryuji, na mwezi Machi 1897 maelfu yao wakatembea kwa miguu kuelekea Tokyo, wakiwa wamevaa makoti ya majani makavu. Waziri Enomoto Takeaki alikwenda kuyaona mashamba kwa macho yake, akarudi na kujiuzulu. Serikali ilimwamuru Furukawa kujenga mabwawa ya kutuliza maji machafu na vichujio vya moshi. Alivijenga, lakini havikutosha, na mabaki ya zamani yaliendelea kushuka na kila mvua. Wakulima walisamehewa kodi ya ardhi kwa mashamba yaliyoharibika. Msamaha huo ulikuwa na mwiba. Haki ya kupiga kura katika Japani ya wakati ule ilitegemea kiasi cha kodi ambacho mtu alilipa, kwa hiyo walioondolewa kodi wengi waliondolewa pia katika daftari la wapiga kura, na vijiji vikakosa mapato ya kuendeshea shule na barabara. Sumu ilikuwa imewanyang'anya mpunga, sasa inawanyang'anya na sauti.

Mwaka 1899 wakulima walifanya kazi ambayo hakuna ofisi ya umma iliyokuwa tayari kuifanya: walipita kijiji kwa kijiji wakihesabu waliozaliwa na waliokufa, wakalinganisha na sehemu ambazo maji ya Watarase hayakufika. Katika vijiji vyenye sumu vifo vilizidi vizazi. Hesabu yao ya watu waliokufa kabla ya wakati kwa sababu ya sumu ilifikia 1,064. Takwimu hiyo ilikusanywa na watu wasiokuwa madaktari, na mtaalamu anaweza kuikosoa. Lakini walioikusanya waliwajua marehemu kwa majina. Mwaka huohuo Bunge lilijiongezea posho kutoka yen 800 hadi yen 2,000; Tanaka aliipinga hoja hiyo, na ilipopita akakataa kupokea posho yake yote.

Tarehe 13 Februari 1900 wakulima waliondoka tena Unryuji kwenda Tokyo. Katika kivuko cha Kawamata walikuta polisi wanawangoja. Wakapigwa, wengi wakakamatwa, na 51 wakashtakiwa. Siku chache baadaye Tanaka alilieleza Bunge kwamba serikali inayowaua wananchi wake inaiua nchi yenyewe, na kwamba maangamizi huanza pale ambapo watawala hawajui kuwa nchi yao inaangamia. Waziri Mkuu Yamagata Aritomo alijibu kwamba hakuelewa swali linahusu nini. Kesi iliendelea kwa karibu miaka mitatu, kisha ikafikia kikomo bila hukumu. Katika kikao kimojawapo Tanaka alipiga mwayo wakati mwendesha mashtaka akizungumza, naye akahukumiwa kwa kuidharau mahakama. Kifungo chake, mwaka 1902, kilikuwa cha takriban siku 40. Humo gerezani alilisoma Agano Jipya, na tangu hapo hakuliacha.

Lakini kabla ya kifungo hicho alikuwa amefanya tendo lililomfanya ajulikane katika Japani nzima. Mwezi Oktoba 1901 alijiuzulu ubunge. Tarehe 10 Desemba, Mfalme Mkuu Meiji alipokuwa akitoka kufungua Bunge, Tanaka, mzee wa karibu miaka 60, aliukimbilia msafara wake akiwa ameinua waraka wa maombi. Kumwendea Mfalme Mkuu kwa namna hiyo lilikuwa jambo ambalo mtu angeweza kulipia kwa uhai wake. Alikuwa ameshamwandikia mke wake, Katsu, barua ya talaka ili adhabu isimfikie. Waraka uliandikwa na mwandishi wa habari Kotoku Shusui kwa ombi lake, kisha yeye mwenyewe akausahihisha. Askari walimkamata kabla hajaufikisha. Serikali iliona ni salama zaidi kumtangaza kuwa mtu aliyechanganyikiwa kuliko kumpeleka mahakamani mbele ya nchi nzima, ikamwachia huru. Kesho yake magazeti yalichapisha waraka wote. Mamia ya wanafunzi wa Tokyo walikwenda kuyaona mashamba. Akina mama Wakristo wakiongozwa na Ushioda Chiseko walikusanya nguo na chakula na kuwatunza watoto wa vijiji vile. Kuhusu Katsu, ni haki kusema kwamba alibeba msalaba ambao historia imeutaja kwa maneno machache mno. Miaka mingi aliishi bila mume nyumbani na bila mali, na bado alikuwa kando ya kitanda chake siku ya kufa.

Serikali haikuyafunga machimbo. Tume yake mpya iliona njia nyingine: suala la sumu ligeuzwe kuwa suala la mafuriko. Kukiwa na bonde kubwa la kupokea maji mahali Watarase unapokaribia kuungana na Mto Tone, maji yenye sumu yangetulia humo, na mji mkuu ungekuwa salama. Vijiji vya Kawabe na Toshima vilivyofikiriwa kwanza, katika mkoa wa Saitama, viligoma, vikanusurika. Zamu ikaja kwa Yanaka, kijiji cha kaya karibu 450 na watu wapatao 2,700. Tuta lake lililobomolewa na maji mwaka 1902 halikukarabatiwa ipasavyo. Wanakijiji walipolijenga kwa mikono yao wenyewe, mkoa ukalibomoa. Mwezi Desemba 1904, katika kikao cha usiku, baraza la mkoa wa Tochigi, baraza lilelile ambalo Tanaka aliwahi kuliongoza, lilipitisha fedha za kuinunua ardhi ya Yanaka. Ilikuwa wakati wa vita dhidi ya Urusi, na vijana wa kijiji walikuwa vitani wakiipigania nchi iliyokuwa inawafutia nyumbani kwao.

Tanaka alikuwa amehamia Yanaka tangu mwezi Julai mwaka huo. Wengi waliomuunga mkono Tokyo walidhani amepotea njia, kwa maana suala la taifa zima sasa lilikuwa limepungua na kuwa kijiji kimoja. Kwake yeye hapo ndipo kila kitu kilipokuwa. Alikwenda kama mwalimu. Aliwahutubia wakulima juu ya katiba, haki na sheria, akakasirika walipouza ardhi yao kwa bei ya kutupwa, na shajara zake zinaonyesha hasira hiyo bila kuficha. Kaya moja baada ya nyingine ziliondoka, nyingine zikapelekwa mbali hadi Saroma, katika baridi ya kisiwa cha Hokkaido. Mwaka 1906 Yanaka ilifutwa kama kijiji. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Hara Takashi, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa makamu wa rais wa kampuni ya Furukawa.

Kuanzia tarehe 29 Juni hadi tarehe 5 Julai 1907, polisi na vibarua walizibomoa nyumba 16 za mwisho. Wakulima hawakupigana. Vibarua walipoondoka, familia hizo zilikusanya mbao na mianzi, zikajenga vibanda juu ya vichuguu vya nyumba zao, zikabaki. Majira hayohayo ya kiangazi dhoruba kubwa iliyafunika mabonde. Tanaka alikwenda kwa mtumbwi usiku, akiamini atawakuta wameshakata tamaa na wako tayari kuokolewa. Aliwakuta wameketi ndani ya vibanda vilivyolowa, maji yakiwa yamewazunguka, watulivu, wakishangaa kwamba mzee amejihatarisha kwa ajili yao.

Usiku ule ulimgeuza. Alitambua kwamba kwa miaka mitatu alikuwa amejaribu kuwafundisha watu waliokuwa wamemtangulia, na kwamba hakuwa amewasikiliza. Tangu hapo aliiona Yanaka kama shule na yeye kama mwanafunzi wake. Akisaidiwa na Arai Osui, Mkristo mwenye maisha ya sala, aliendelea kuisoma Injili, lakini aliisoma akiwa miongoni mwa watu hao, akiona ndani yao wale maskini ambao Injili inawataja. Inafaa kusema wazi kwamba hakuwashindia chochote. Kesi yao juu ya bei ya ardhi iliwaletea nyongeza ndogo tu, na waliosalia waliondoka Yanaka mwaka 1917, miaka minne baada ya kifo chake.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kutembea. Baada ya mafuriko makuu ya mwaka 1910, yaliyofika mbali hata na bonde jipya likiwepo, alizunguka mikoa ya Tochigi, Gunma, Saitama na Ibaraki kwa miguu, akiwauliza wazee maji yalifika wapi na kuandika vipimo. Alifikia msimamo kwamba mto hauponywi kwa kuongeza urefu wa tuta kule chini, bali kwa kuirudishia milima misitu yake na kuyaacha maji yafuate mwendo wake, na kwamba maendeleo yanayoharibu mlima, mto na kijiji hayastahili kuitwa maendeleo. Mwanzoni mwa Agosti 1913 aliishiwa nguvu akiwa njiani, akiugua saratani ya tumbo. Baada ya kifo chake walifungua mfuko wake, ambao ndio uliokuwa mali yake yote: Agano Jipya, katiba ya nchi iliyoshonwa pamoja na Injili ya Mathayo, shajara, maandishi ambayo hayakukamilika, mwani wa mtoni na vijiwe vichache. Makumi ya maelfu ya watu walihudhuria mazishi yake mwezi Oktoba, na kwa kuwa kila eneo lilimdai, majivu yake yaligawanywa na kuzikwa mahali kadhaa kando ya mto.

Machimbo ya Ashio yalifungwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata, kwa njia ya usuluhishi, kampuni ya Furukawa ilikubali kuwalipa wakulima wa Gunma yen bilioni 1.55, ikiwa ni zaidi ya miaka 80 tangu Tanaka aulize swali lake la kwanza Bungeni. Watu wa kujitolea wanapanda miti Ashio hadi leo, wakibeba udongo mgongoni kwenda kwenye miteremko ya mawe matupu. Tetemeko la mwezi Machi 2011 liliporomosha tena sehemu ya mabaki ya zamani na kuipeleka Watarase. Nayo Yanaka leo ni bonde la matete, linalolindwa tangu mwaka 2012 na Mkataba wa Ramsar, na katikati yake kuna ziwa la kutengenezwa. Ukilitazama ziwa hilo kutoka juu lina umbo la moyo, na watalii hudhani wahandisi walikusudia hivyo. Lina umbo hilo kwa sababu katika miaka ya 1970 wazao wa wanakijiji walisimama mbele ya matingatinga yaliyokuja kuchimba mahali palipokuwa na makaburi ya Yanaka, na mchoro wa ziwa ukabidi uyapishe.